Ndoa Iliyotulia Haiuzi Sabuni



Tafakari ya wiki hii inahusu jambo ambalo wengi hawatarajii kulikuta katika ukurasa wa padre: tamthilia za televisheni na filamu za mapenzi. Nimeamua kuliandikia kwa sababu tamthilia hizo zimekuwa mgeni wa kila jioni katika nyumba zetu. Ni mgeni anayeketi sebuleni na kusikilizwa kwa makini kuliko baba mwenye nyumba, na hakuna aliyewahi kumwuliza ametoka wapi wala amekuja kufundisha nini. Mimi nami ni mtazamaji. Nisemayo hapa ni maoni ya mtu aliyeketi akatazama, siyo hukumu ya mtu aliyepata habari mlangoni.

Kuhusu mgeni huyu waamini wamegawanyika makundi mawili, nami sikubaliani na kundi lolote kati ya hayo.

Kundi la kwanza hupiga kelele kila linapoona sketi fupi au watu wawili wakibusiana. Mzazi hunyakua rimoti, hubadilisha stesheni, kisha huketi akiamini ameiokoa familia yake. Ndugu zangu, huko ni kumfukuza mwizi wa kuku huku mwizi wa ng'ombe akipita nyuma ya nyumba. Busu la kwenye kioo huisha kwa sekunde chache. Somo la hadithi nzima hubaki moyoni kwa miaka. Na jambo linalonisumbua mimi limo hata katika filamu safi kabisa, ile ambayo bibi na mjukuu wanaweza kuitazama pamoja bila mmoja wao kuinamisha macho.

Kundi la pili husema, "Padre, hizo ni hadithi tu, tunasogeza jioni." Hadithi tu! Tangu lini watu wa Afrika Mashariki wakasema "hadithi tu"? Wazee wetu walipotuketisha kando ya moto wakatusimulia habari za sungura na fisi, walijua wanachokifanya: mtoto anayesikia hadithi usiku huamka asubuhi akiwa na kipimo cha kupimia watu. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, alipoona mwaka 1858 kwamba ugonjwa umemlemea, alimtungia bintiye utenzi wa kumfundisha jinsi ya kuishi na mume na watu. Tunaweza kubishana leo na baadhi ya mafundisho yake, lakini hatuwezi kubisha kwamba mama yule alijua nguvu ya utungo. Swali langu ni hili: leo ni nani anayemtungia binti yetu utenzi wa ndoa? Katika nyumba nyingi, mtunzi ni mwandishi wa tamthilia aliye mbali, asiyemfahamu binti huyo, na ambaye hatakuwapo siku binti huyo atakapolia.

Basi hoja yangu naitaja waziwazi mapema, ili anayetaka kuipinga ajue pa kushika. Tamthilia na filamu nyingi za mapenzi zinatufundisha kwamba upendo ni safari ya kuelekea harusini, na kwamba baada ya harusi hakuna tena la kusimulia isipokuwa usaliti. Mafundisho hayo ni ya uongo, nayo yanaziumiza nyumba zetu.

ZILIKOTOKA

Tuanze na chimbuko, maana mti hufahamika zaidi mtu akiujua mzizi wake. Katika miaka ya 1930, nchini Marekani, makampuni ya sabuni, Procter & Gamble likiwa mojawapo, yalianza kudhamini michezo ya redio iliyorushwa mchana, saa ambazo akina mama walikuwa nyumbani wakifua na kupika. Mchezo ulikuwa chambo, na samaki aliyekuwa akitafutwa alikuwa mnunuzi wa sabuni. Ndiyo maana hata leo kwa Kiingereza tamthilia za aina hiyo huitwa kwa jina la sabuni. Mmoja kati ya michezo hiyo, Guiding Light, ulianza redioni mwaka 1937, ukahamia televisheni mwaka 1952, na ukakoma Septemba 2009. Hiyo ni miaka 72 ya hadithi moja!

Hebu tafakari biashara hiyo inataka nini. Inataka mtazamaji arudi kesho. Watu wawili wakipendana, wakakoseana, wakaombana radhi, wakala chakula chao na kulala, mtazamaji atazima televisheni akiwa ameridhika, na kesho hatakuwa na sababu ya kuiwasha. Kwa hiyo ni lazima barua ipotee, dada pacha atokee, aliyezikwa aonekane hai, na siri ifichuke dakika moja kabla ya kipindi kwisha. Sisemi waandishi hao ni watu waovu. Wanafanya kazi waliyoajiriwa kuifanya. Nasema tu kwamba kazi yenyewe haiwezi kuvumilia amani, kwa sababu ndoa iliyotulia haiuzi sabuni.

Mfano ulio wazi ni The Bold and the Beautiful, iliyoanza Machi 1987 na ambayo hadi leo inaendelea kutengenezwa. Mle ndani Brooke Logan ameolewa na Ridge Forrester, akaachana naye, akaolewa naye tena, na tena, na tena. Katikati ya ndoa hizo ameolewa pia na Eric, baba aliyemlea Ridge, na hata na Thorne, ndugu yake Ridge. Wapendwa, fikirini kikao cha ukoo cha familia hiyo kingefanyikaje! Shangazi angeanzia wapi kusuluhisha? Mshenga angebisha hodi mlango upi? Tunacheka, lakini tazameni kinachotokea baada ya kicheko: tukitazama ndoa zikivunjika kila juma, nyepesi kama vikombe vya udongo, masikio yetu yanaizoea sauti ya kuvunjika. Na sauti iliyozoeleka haimshtui mtu hata ikitokea chumbani mwake.

UONGO WA KWANZA: KWAMBA HARUSI NDIYO MWISHO

Tamthilia za Amerika ya Kusini na Meksiko zina tofauti moja na hizo za sabuni: zina mwisho. Na mwisho wake tunaujua sote kabla ya sehemu ya kwanza kumalizika. Msichana maskini atampata kijana tajiri, adui atapata malipo yake, na wapenzi watasimama mbele ya altare. Naam, mara nyingi ni kanisani kwetu, padre akiwa amevaa vizuri, na kipindi kinakwisha kabla padre huyo hajapata nafasi ya kusema neno lolote la maana.

Wengi, hasa nchini Kenya, wanaikumbuka Cuando Seas Mía ya Meksiko, ya mwaka 2001, iliyosukwa upya kutokana na tamthilia ya Kolombia ya 1994, Café con aroma de mujer, aliyoiandika Fernando Gaitán. Paloma ni binti anayevuna kahawa. Diego ni kijana wa ukoo wenye shamba. Ukoo unapinga, wivu unaingia, wanatenganishwa, anaoa mwingine, na watazamaji wanateseka pamoja nao kwa miezi.

Kwa haki, Paloma ni mhusika mwenye akili na bidii, na sishangai kwamba alipendwa. Lakini sisi tunaotoka katika nchi za kahawa tulipaswa kuitazama hadithi ile kwa jicho la pekee. Tunajua kuvuna kahawa ni nini. Tunajua vikapu, mikono iliyokwaruzwa, na bei inayopangwa mbali na shamba. Wakulima wa Kilimanjaro walipotaka kupata haki katika kahawa yao, hawakungoja mwana wa mwenye shamba awapende. Waliunda ushirika, na chama kikuu cha KNCU kikazaliwa mwaka 1933. Tamthilia inalichukua swali la haki na kuligeuza kuwa swali la bahati: je, atanipenda? Binti wa mkulima anayelishwa hadithi hiyo kila jioni anajifunza kwamba umaskini ni chumba chenye mlango mmoja, na ufunguo wa mlango huo uko mfukoni mwa mwanamume. Mabinti zetu wangapi wamekubali mahari ya nyumba nzuri na gari, wakaja kugundua baadaye kwamba hawakumchunguza mwenye gari?

Harusi ikishafungwa, kamera huzimwa. Nani atamwosha mama mkwe akiugua? Mshahara utakaa mkononi mwa nani? Mtoto asipopatikana kwa miaka sita, wataongea nini usiku? Hayo ndiyo maisha ya ndoa, na hadithi inayakimbia yote. Ni sawa na mtu anayesimulia habari za kilimo akaishia siku ya kununua jembe.

UONGO WA PILI: KWAMBA UPENDO NI MOTO WA SIKU CHACHE

Filamu ya Titanic ya James Cameron ilitoka mwaka 1997, ikapata tuzo 11 za Oscar, na hapa kwetu iliingia hadi kwenye mabanda ya video. Vijana wa wakati ule, ambao leo ni baba na mama wa familia, walilia. Tuhesabu basi. Meli ya Titanic iling'oa nanga Southampton tarehe 10 Aprili 1912 na kugonga barafu usiku wa tarehe 14. Jack na Rose walijuana kwa siku chache tu ndani ya safari hiyo fupi. Hawakupata hata wiki moja ya kufahamiana. Jack hakupata nafasi ya kukoroma, ya kusahau ahadi, ya kurudi nyumbani bila fedha ya kodi. Alikufa akiwa kijana, mzuri na asiye na deni. Nani atashindana na marehemu wa namna hiyo?

Na hapa nataka niwakumbushe mtu mmoja ambaye karibu kila mtazamaji amemsahau. Rose hakufa katika ajali ile. Aliishi hadi akawa bibi wa miaka 100, mwenye mjukuu aliyemtunza, na jina lake la ukoo uzeeni ni Calvert. Maana yake ni kwamba alikuwapo Bwana Calvert. Mtu huyu alimwoa, alizaa naye, aliishi naye, akafa akimwacha mjane. Filamu ina urefu wa zaidi ya saa tatu, lakini Bwana Calvert hakupewa hata sura moja ya kuonekana akizungumza. Tunaambiwa tu kwamba mkewe hakuwahi kumtajia habari za Jack. Na mwishoni, bibi yule anapofumba macho, hatumwoni akimwendea mume wa maisha yake. Anapanda ngazi za meli kumfuata kijana wa siku chache.

Wapendwa, mimi namhurumia Bwana Calvert kuliko abiria wote wa filamu ile, kwa maana parokia zetu zimejaa akina Calvert. Ndiye baba anayeamka saa kumi na moja kuwahi daladala, asiyejua kusema maneno matamu, lakini ambaye kwa miaka 25 hajawahi kulala bila kuuliza kama mlango umefungwa. Ndiye mama ambaye hajapata ua hata moja, lakini anakumbuka dawa ya presha ya mumewe kuliko mwenye presha mwenyewe. Hao hawana filamu. Mbaya zaidi, mwenzao anapoketi mbele ya kioo, huanza kuwapima kwa kipimo cha Jack na kuwakuta wamepungua. Hakuna mtu aliye hai anayeweza kukifikia kipimo hicho, kwa sababu kimetengenezwa kwa mtu asiyezeeka.

UONGO WA TATU: KWAMBA "HAPANA" NI NJIA YA "NDIYO"

Hili ndilo zito kuliko yote, nami nawaomba wazazi wenye watoto wa kiume wanisikilize.

Katika filamu ya The Notebook ya mwaka 2004, Noah anamtaka Allie, naye Allie anakataa. Noah anapanda lile gurudumu kubwa la kubembea watu katika uwanja wa maonyesho, ambako Allie ameketi na kijana mwingine. Ananing'inia kwa mkono, huku akitishia kujiachia asipokubaliwa. Allie anakubali. Watazamaji wanacheka na kuona raha. Lakini tuliite tendo lile kwa jina lake: ni vitisho. Kijana anayesema "nikatalie nijiue" hajaonyesha upendo, ameweka kisu mezani.

Filamu za Kihindi, ambazo pwani yetu imezipenda tangu zamani, nazo hazijasalimika. Katika nyimbo ngapi tumeona mwanamume akimfuata msichana barabarani, akimzuia njia, akimvuta mtandio, naye msichana akinuna mwanzoni na kutabasamu kabla ubeti wa mwisho kwisha? Hata katika Dilwale Dulhania Le Jayenge ya mwaka 1995, filamu ninayoiheshimu kwa sababu nitakazozitaja punde, Raj anamsumbua Simran safarini, na asubuhi moja anamdanganya kwamba usiku ulipita baya kati yao, kisha anasema ulikuwa utani.

Sasa mtoe mvulana wa miaka 16 aliyekulia katika hadithi hizo, umweke njiani wanapopita wasichana wa sekondari. Msichana akisema "niache," mvulana anasikia nini? Anasikia sehemu ya kwanza ya tamthilia. Anaamini kwamba akizidi kusukuma, sehemu ya mwisho itafika. Na msichana naye, aliyetazama filamu zilezile, anaanza kushuku moyo wake mwenyewe: labda usumbufu huu ndio upendo. Mzazi aliyebadilisha stesheni kwa ajili ya busu aliyaacha haya yote yapite bila neno.

TUSITUPE JONGOO NA MTI WAKE

Baada ya kusema hayo yote, je, nawaagiza mzime televisheni? La hasha. Mama aliyeshinda sokoni au shambani ana haki ya saa moja ya kuketi, na sina nia ya kumnyang'anya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, ulizipokea njia za mawasiliano kama zawadi inayopaswa kutumiwa kwa busara, ukamwachia mtumiaji wajibu wa kuchagua. Na kuchagua kunawezekana, maana zipo hadithi zinazosema kweli.

Turudi kwenye The Notebook ileile niliyoisema vibaya. Sehemu yake ya uzeeni ni nzuri ajabu. Allie amepoteza kumbukumbu na hamtambui mumewe. Noah, mzee mgonjwa, anaishi naye katika nyumba ya kutunzia wazee, na kila siku anamsomea hadithi ya maisha yao akitumaini kwamba atarudi kwake hata kwa dakika tano. Watoto wanamsihi arudi nyumbani, naye anakataa kumwacha. Tazameni mzee yule, kisha mkumbukeni kijana aliyening'inia hewani. Yupi anapenda? Kijana alitaka kupata. Mzee hana tena la kupata, na bado anaketi.

Turudi pia kwa Raj na Simran. Mama mzazi wa Simran anawaletea dhahabu yake na kuwaambia watoroke. Filamu mia zingewapandisha gari-moshi usiku uleule. Raj anakataa. Anataka ridhaa ya baba, hata ikimgharimu kumkosa mchumba. Ukumbi wa Maratha Mandir wa Mumbai uliionyesha filamu hiyo kwa zaidi ya miaka 20 mfululizo, na nadhani sababu mojawapo ni kwamba watu wanaona njaa ya hadithi inayowaheshimu wazazi bila kuukana upendo.

Ipo Baghban ya mwaka 2003, ambamo Amitabh Bachchan na Hema Malini ni mume na mke waliooana miaka 40. Watoto wao wanne wa kiume hawataki kuwatunza wote wawili, wakawagawana: baba kwa huyu, mama kwa yule. Wazee wanatenganishwa na kulazimika kusikilizana kwa simu kama wachumba. Filamu hiyo ni ya mapenzi, na wapenzi wake wana mvi.

Na ipo moja iliyokuja na lugha yetu wenyewe. Mwaka 2011 tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake, ilionyeshwa katika televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC. Rais Xi Jinping wa China aliitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam, Machi 2013. Doudou ni muuguzi wa Beijing. Wazazi wa mumewe waliachana na baba akaoa tena, kwa hiyo bibi arusi anajikuta na mama wakwe wawili wa kuwaridhisha! Hakuna mauaji wala pacha aliyefichwa. Kuna chakula, fedha, maneno ya jikoni, mtu kununa na mtu kusamehe. Hadithi inaanzia pale nyingine zinapoishia, na watu wa Dar es Salaam walijiona mle ndani ingawa nyuso zilikuwa za Kichina. Tamthilia hiyo imetuonyesha kwamba maisha baada ya harusi yanasimulika. Anayesema hayasimuliki ni mvivu wa kuandika.

Tena, mmoja wa waandishi wa mchezo wa ndoa aliwahi kuliongoza Kanisa. Mwaka 1960 Karol Wojtyła, akiwa askofu nchini Poland kabla ya kuwa Papa Yohane Paulo II, alichapisha kwa jina la kubuni mchezo unaohusu duka la sonara na ndoa za watu wa mtaani. Mle ndani Anna, mke ambaye mapenzi kati yake na mumewe Stefan yamepoa, anakwenda kuuza pete yake. Sonara anaiweka kwenye mizani, na mizani haisogei. Mumewe bado yu hai, na pete ya mmoja peke yake haina uzito. Mtunzi hakuificha baridi ya nyumba ile. Hakumletea Anna mpenzi tajiri wa kumwokoa. Alimwonyesha tu kwamba kitu alichodhani ni chake wa kuuza kilikuwa cha watu wawili.

PINGAMIZI MOJA

Najua kuna msomaji anayesema kimoyomoyo, "Padre hujaoa, haya unayajuaje?" Ni swali la haki. Nami najibu kwamba mwandishi wa tamthilia hajakuoa wewe pia, lakini umemwamini. Tofauti yetu ni kwamba mlango wangu hugongwa kamera ikishazimwa. Wanaokuja ofisini baada ya miaka saba ya ndoa hawaji kulalamika kwamba adui ameiba barua. Huja na sentensi moja ambayo nimeisikia kwa sauti nyingi: "Sikujua kwamba itakuwa hivi." Swali langu kwao siku zote ni moja: nani aliwaambia itakuwaje?

Basi, wapendwa, nawaachia mambo matatu. Kwanza, tazameni pamoja na watoto wenu, na hadithi ikiisha msizime midomo pamoja na kioo. Mwulize kijana wako: yule msichana alikataa mara ngapi, na ulionaje? Pili, wazee mlioishi pamoja miaka 30 na 40, simulieni. Simulieni mlivyogombana mwaka ule wa njaa na mlivyopatana. Msipowatungia vijana utenzi wenu, watatungiwa na muuza sabuni. Tatu, wewe mume, na wewe mke, usiku huu tamthilia ikikwisha, geuza uso umtazame aliyeketi kando yako. Hana taa za kumulika wala muziki wa kumsindikiza. Ila yeye bado yupo, na Jack hayupo.

Maswali ya kujiuliza juma hili: Ni hadithi gani iliyonifundisha maana ya kupendwa, na ni nani aliyeiandika? Je, kuna mtu ninayeishi naye ambaye nimemfanya Bwana Calvert wa maisha yangu?

Nawatakia tafakari njema na Dominika yenye baraka.